Mwana wa Adamu Alirithi Nini?

Mtu akiteleza ulimi au akivunja ahadi, Kiswahili kimemwekea akiba utetezi mfupi: “Na mimi ni binadamu.” Msikilizaji huelewa bila kufafanuliwa. Aliyekosa anaomba ahesabiwe kuwa kiumbe dhaifu kama viumbe wenzake, asihukumiwe kwa kipimo cha malaika. Utetezi huo tunausikia sokoni, barazani na hata mahakamani, na ni nadra mtu kusimama akauliza umeundwa kwa nini. Neno lenyewe ni nasaba. Binadamu ni bin Adamu. Na ndugu yake, mwanadamu, ni mwana wa Adamu. Anayesema “mimi ni binadamu” amemtaja babu yake wa kwanza, kana kwamba kosa lake la leo lina uhusiano na ukoo wake.

Je, lina uhusiano? Na kama lina, ni uhusiano wa namna gani: wa damu, wa malezi, au wa mfano mbaya ulioigwa? Swali hilo liliwagawa Wakristo kwa karne nyingi. Maaskofu walifukuzwa kwa ajili yake, na wazazi waliofiwa na watoto wachanga walilala macho kwa ajili yake. Makala haya yanaifuata historia hiyo kupitia maneno machache, kwa sababu zaidi ya mara moja mzozo mzima uliegemea neno dogo ambalo msomaji wa kawaida angelipita bila kuliona. Kisha tutatazama yaliyotokea maneno hayo yalipofika pwani yetu katika karne ya 19, yakaikuta lugha iliyokuwa na maneno yake tayari juu ya Adamu, mwili, nafsi na dhambi.

Udongo, nyama na shabaha

Katika Kiebrania cha kitabu cha Mwanzo, adam ni mtu na adamah ni ardhi. Mtu ameitwa kwa kile alichofinyangiwa. Kiumbe huyo hakugawanywa sehemu mbili zinazopigana, roho njema ndani ya chombo kibaya. Ni udongo uliopuliziwa pumzi ukawa hai, basi. Neno basar, ambalo maana yake ya kwanza ni nyama, husemwa juu ya nyama ya mnyama aliyechinjwa, juu ya mwili wa mtu, juu ya ndugu wa damu, na juu ya viumbe vyote vyenye uhai. Likisemwa juu ya mtu anapolinganishwa na Mungu, hudokeza udhaifu: mtu ni wa kupita, hunyauka kama majani ya kiangazi. Halimwiti mtu mchafu kwa sababu ana mwili.

Dhambi ilikuwa na neno lake la pembeni. Kitenzi chata, ambacho kwa kawaida hutafsiriwa kutenda dhambi, kinatumiwa katika kitabu cha Waamuzi juu ya wapiga kombeo wa kabila la Benyamini, waliosifika kwa kuulenga unywele bila kuukosa. Kiyunani kina picha hiyo hiyo. Hamartia ndilo neno ambalo Agano Jipya hulitumia kwa dhambi, na kitenzi chake, katika tenzi za Homer, husemwa juu ya mkuki uliorushwa ukaenda kando. Mpenzi wa Kiswahili hapa atatabasamu, kwa maana anacho kitenzi kinachofanya kazi hizo zote mbili bila kulazimishwa. Mwindaji hukosa shabaha, mtoto hukosa adabu, na mja humkosea Mola wake. Tutalirudia neno hilo mbele.

Orodha ya Paulo

Paulo wa Tarso aliandika nyaraka zake kwa Kiyunani katikati ya karne ya 1, na lugha hiyo ilimpa maneno mawili pale tunapotumia moja. Soma ni mwili, umbo zima la mtu. Sarx ni nyama, ile inayovaa mifupa. Miongoni mwa wanafalsafa wa Kiyunani ulikuwapo mchezo wa maneno ambao Plato ameuhifadhi katika mazungumzo yake: soma ni sema, yaani mwili ni kaburi. Paulo hakuufuata. Kwake soma laweza kuwa hekalu, na tumaini lake la mwisho ni kufufuliwa kwa soma wala si kutoroka kutoka ndani yake. Sarx ndilo neno alilolipa kazi mpya. Akalifanya jina la kitu kinachompinga Roho ndani ya mtu.

Kitu hicho ni nini hasa? Jibu limo katika orodha aliyowaandikia Wagalatia, anapotaja matendo ya sarx. Uasherati umo, na ulevi umo. Lakini sehemu kubwa ya orodha ni uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka na husuda, pamoja na ibada ya sanamu na uchawi. Haya si makosa ya ngozi wala ya tumbo. Mtu aweza kujinyima chakula, akalala juu ya mkeka mtupu, akaishi bila mke, na bado akawa fundi wa kuwagombanisha majirani. Kwa lugha ya Paulo mtu huyo, pamoja na ukondefu wake wote, anaishi kwa sarx. Neno hilo linamtaja mtu mzima, pamoja na akili yake na hata dini yake, anapojitegemea mwenyewe na kumpa Mungu kisogo.

Tofauti hiyo ni nyembamba, na wengi waliomfuata hawakuishika. Katika karne ya 2 wafuasi wa Marcion na wa Valentinus walifundisha, kila kundi kwa njia yake, kwamba ulimwengu huu wa nyama na mifupa si kazi ya Mungu aliye juu kabisa. Jibu kali zaidi lilitoka Afrika. Tertullianus wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, alizitetea nyama na mifupa kwa ukali wa wakili na sikio la mshairi. Kwa Kilatini sarx ni caro, na cardo ni bawaba ya mlango. Akayaweka maneno hayo mawili bega kwa bega na kudai kuwa nyama ndiyo bawaba ambayo wokovu wote huizunguka, kwa kuwa nyama ndiyo inayooshwa kwa maji, inayopakwa mafuta na inayolishwa, ili nafsi ifaidike. Mlango bila bawaba ni ubao tu uliosimamishwa ukutani.

Mwizi wa mapeasi

Afrika hiyo hiyo ya kaskazini ndiyo iliyomlea mtu ambaye Wakristo wa magharibi hawajaweza kulizungumzia jambo hili bila kumtaja. Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Aljeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Katika ujana wake Agostino alikaa miaka tisa hivi pamoja na wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni falme mbili za tangu milele, na kwamba nyama ya mtu ni mali ya giza. Baadaye alikiri kilichomvutia. Mafundisho hayo yalimwezesha kusema kwamba anapotenda dhambi si yeye atendaye, bali ni kitu kingine kilichomo ndani yake. Ulikuwa utetezi wa “na mimi ni binadamu” uliopewa falsafa kamili.

Aliuacha. Mwaka 386 huko Milano aliugeukia Ukristo, na mwaka uliofuata akabatizwa na Askofu Ambrosius. Alipokuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba, aliandika Maungamo, kitabu kilichoanza kutungwa yapata mwaka 397. Humo hakuanza na makosa makubwa. Alisimulia jinsi yeye na wenzake, wakiwa vijana wa miaka 16 hivi, walivyokwenda usiku kuiba mapeasi katika shamba la jirani. Hawakuwa na njaa. Mapeasi yenyewe hayakuwa matamu, na mengi waliyatupia nguruwe. Basi waliiba nini? Jibu lake lilimtisha yeye mwenyewe: walipenda uovu wa tendo, na kila mmoja peke yake asingelitenda. Alisimulia pia juu ya mtoto mchanga asiyejua kunena, aliyemtazama kwa uso uliopauka wa wivu mtoto mwenziwe anayenyonya ziwa lile lile. Udhaifu wa viungo vya mtoto, alihitimisha, hauna hatia. Lakini asiseme mtu kwamba nafsi yake nayo haina.

Kumbe wivu wa mtoto hauwezi kulaumiwa nyama. Nyama yake haikuwa na njaa ya ziada. Alikuwa na ziwa la kutosha. Agostino hapa yu karibu sana na orodha ya Paulo, na mbali sana na Mani.

Mtoto wa nyoka, mtoto wa malezi

Mwishoni mwa karne ya 4 alikuwapo Roma mtu aliyetoka Uingereza, jina lake Pelagius. Aliheshimiwa kwa maisha yake ya kujinyima, na watu wa nyumba kubwa walimwendea kupata mawaidha. Kilichomuudhi ni uvivu wa Wakristo waliojificha nyuma ya udhaifu wao. Mungu, alisema, haamrishi lisilowezekana. Ikiwa ameamuru haki, basi mtu ameumbwa na uwezo wa kuitenda. Dhambi ni tendo, wala si kitu kinachokaa ndani ya maumbile. Adamu alijidhuru mwenyewe, na kwa vizazi vyake akaacha mfano mbaya. Mazoea ya karne nyingi yamerundikana juu ya mfano huo kama kutu juu ya chuma, lakini chuma kiko chini yake.

Mswahili anaweza kuwasikiliza wazee hawa wawili kupitia methali zake. “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,” ndivyo asemavyo Pelagius. “Mtoto wa nyoka ni nyoka,” hujibu Agostino, ingawa angeongeza haraka kwamba nyoka huyo hakuumbwa na sumu. Lugha yetu imezitunza methali zote mbili bila kuona haja ya kuzipatanisha, na mzee wa baraza huchagua moja kulingana na kesi iliyo mbele yake. Kanisa la Kilatini halikujipa nafasi hiyo.

Mwaka 410 jeshi la Wagothi chini ya Alaric liliuteka mji wa Roma. Pelagius alikuwa mmoja wa wakimbizi. Akapitia Afrika, akaenda Palestina. Mwaka 415 baraza la maaskofu huko Diospolis lilimsikiliza na kumwona hana kosa. Afrika haikukubali. Mwaka 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutana Karthago wakayalaani mafundisho yake, Kaisari Honorius akatoa amri ya kuwafukuza wafuasi wake, na Papa Zosimus, aliyekuwa amesitasita kwa muda, naye akahukumu. Maaskofu kumi na wanane wa Italia walikataa kutia sahihi. Kiongozi wao, Julianus wa Eclanum, alipoteza uaskofu wake na kutumia miaka iliyosalia akimshambulia Agostino kwa kalamu. Shitaka lake kubwa lilikuwa hili: mzee wa Hippo hakuwahi kumtoa Mani moyoni, kwa maana mtu anayefundisha kwamba kila mtoto huzaliwa na dhambi ameyaita maumbile maovu na ndoa njia ya kupitishia uovu.

Hoja iliyouma zaidi ilihusu watoto. Kanisa lilikuwa likiwabatiza wachanga kwa ondoleo la dhambi. Dhambi ipi, aliuliza Agostino, kwa kiumbe asiyejua hata kugeuka kitandani? Kama hana ya kwake, basi anayo aliyoirithi. Na hapo aliibeba hoja hadi mwisho wake mchungu: mtoto anayekufa bila ubatizo yumo katika hukumu, ijapokuwa ni hukumu iliyo nyepesi kuliko zote. Hakulisema kwa wepesi. Mwaka 415 alimwandikia Jerome, aliyekuwa Bethlehemu, waraka mrefu akikiri kwamba mateso ya wachanga yanambana na kwamba hajui la kujibu juu ya jinsi nafsi zao zinavyopatikana. Hata hivyo hakubadili kauli. Alifariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake, huku kitabu chake cha mwisho dhidi ya Julianus kikiwa hakijakamilika.

Maneno mawili ya Kilatini

Sasa tufike kwenye lile neno dogo. Katika sura ya 5 ya waraka kwa Warumi, Paulo anasema kwamba dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na mauti kwa njia ya dhambi, na mauti yakaenea kwa watu wote. Kisha yanafuata maneno mafupi ya Kiyunani, eph’ ho, na baada yake Paulo anasema kuwa wote walitenda dhambi. Wasomi wengi wa Kiyunani huyasoma maneno hayo kuwa na maana ya kwa sababu, au kwa kuwa. Lakini tafsiri ya Kilatini aliyoisoma Agostino ilikuwa na in quo, ambayo yaweza kusomwa “katika yeye ambaye”. Akaisoma hivyo. Wote walitenda dhambi katika yeye, yaani ndani ya Adamu, kama miti yote ilivyomo ndani ya mbegu.

Kati ya “kwa sababu” na “katika yeye” kuna umbali wa ulimwengu mzima. Kwa usomaji wa kwanza, kila mtu hufa na kila mtu ametenda dhambi, na uhusiano wa mambo hayo mawili na Adamu unabaki kuwa fumbo. Kwa usomaji wa pili, mtoto aliyezaliwa usiku wa jana alikuwapo bustanini. Haki inatudai tuseme kwamba Agostino hakuijenga nyumba yake yote juu ya kiunganishi kimoja. Alikuwa na desturi ya ubatizo, alikuwa na sehemu nyingine za Maandiko, na alikuwa na mapeasi yake. Lakini in quo lilikuwa nguzo, na nguzo hiyo ilisimama juu ya lugha ya pili.

Wakristo wa mashariki, waliomsoma Paulo kwa lugha yake, hawakuijenga nyumba hiyo. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli na mtu wa zama za Agostino, aliifafanua sura hiyo hiyo kwa kusisitiza mauti: kutoka kwa Adamu tumepokea mwili unaokufa, na hofu ya kufa huzaa tamaa nyingi. Hatia ya mtu mmoja kuhesabiwa juu ya mwingine lilikuwa jambo lililohitaji maelezo. Hata leo makanisa ya Kiorthodoksi huzungumza zaidi juu ya kurithi mauti na udhaifu kuliko kurithi hatia.

Mwaka 1516 Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani pamoja na maelezo yake, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba maneno hayo mawili hayabebi mzigo waliotwikwa. Wengi walimshuku kuwa anamfungulia Pelagius mlango wa nyuma. Mwaka 1524 aliandika kuutetea utashi huru wa mtu, na mwaka 1525 Martin Luther akamjibu kwa kitabu kinachosema kwamba utashi huo umefungwa. Luther, pamoja na ukali wake, ndiye aliyelirudisha neno la Paulo kwenye upana wake. Katika dibaji aliyouandikia waraka kwa Warumi mwaka 1522, aliwaonya wasomaji wa Kijerumani wasidhani kwamba nyama ni mambo ya uzinzi pekee. Ni mtu mzima, pamoja na nafsi na akili yake, na hata mwalimu wa dini anayefundisha mambo ya juu bila neema. Wakatoliki nao, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546, waliithibitisha dhambi ya asili, lakini wakakataa kusema kwamba tamaa inayobaki ndani ya mtu aliyebatizwa ni dhambi kwa maana halisi.

Mombasa, 1844

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi Julai mkewe, Rosine, alifariki baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf akaendelea na kazi. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa katika jarida la wasomi nchini Marekani. Sura hizo tatu ni za uumbaji, bustani na anguko. Basi kisa cha Adamu ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yaliyotangulia kupigwa chapa.

Lakini kadhi yule hakuhitaji kufundishwa Adamu ni nani. Pwani ilimjua Adamu na Hawaa kwa karne nyingi. Neno binadamu lilikuwa tayari katika vinywa vya watu, nalo lilikuwa limetoka katika Kiarabu cha Waislamu, pamoja na maneno roho, nafsi na dhambi. Katika mafundisho ya Uislamu, Adamu alikosa, akatubu, akasamehewa. Hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe. Na kila mtoto huzaliwa katika maumbile yaliyo safi. Neno binadamu, kwa hiyo, lilibeba ukoo bila kubeba deni. Wamisionari walipolichukua, walichukua nasaba ambayo Agostino angeifurahia, ikiwa imenyamaza juu ya jambo lile lile alilotaka iseme.

Ukiyatazama maneno mengine waliyoyachagua watafsiri, kuanzia Krapf na Askofu Edward Steere wa Unguja hadi tafsiri ya pamoja ya mwaka 1952 inayojulikana kama Union Version, utaona jinsi kila chaguo lilivyokuwa na bei yake.

Tuanze na mwili. Katika sura ya 2 ya Mwanzo, basar imetafsiriwa nyama pale Adamu anapomfurahia mkewe, na katika aya inayofuata, neno lile lile la Kiebrania limekuwa mwili, mume na mke wanapofanywa mmoja. Chaguo hilo ni la busara, kwa kuwa “nyama mmoja” haisemeki. Kwa Paulo, hata hivyo, busara hiyo ilizaa ugumu. Misemo michache ilibaki na damu na nyama, lakini sarx inayompinga Roho ilitafsiriwa kwa jumla mwili, na soma iliyo hekalu nayo ikatafsiriwa mwili. Kinachopaswa kusulubiwa na kinachopaswa kutunzwa kama nyumba ya Mungu vimepewa jina moja. Watafsiri hawakuwa wazembe. “Matendo ya nyama” yangemfanya msikilizaji afikirie bucha. Hata hivyo msikilizaji wa Kiswahili ameachiwa kazi ambayo Myunani hakuwa nayo: kupambanua, kila mara neno mwili linaposomwa, ni mwili upi unaosemwa.

Kabla ya watafsiri hao ushairi wa pwani ulikuwa na njia yake. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hagombi na mwili wake. Anagomba na moyo. Moyo ndio uliodanganywa na dunia, na moyo ndio unaoonyeshwa magofu ya Pate. Na katika lugha ya mawaidha ya Kiislamu, kinachoamrisha maovu ni nafsi. Mtu akiyaweka haya kando ya orodha ya Paulo ya fitina, wivu na faraka, ataona kwamba sarx ya Wagalatia inafanana sana na moyo huo mkaidi na nafsi hiyo yenye amri, pengine kuliko inavyofanana na mwili. Mshairi Muislamu wa Pate na mtume aliyewaandikia Wagalatia walimnyooshea kidole mshitakiwa anayefanana.

Tuje kwenye dhambi. Neno hili la Kiarabu lilikuwa na uzito wa kidini ambao kosa, neno letu la Kibantu, halikuwa nao. Kosa laweza kuwa la hesabu au la tahajia. Ndiyo maana dhambi ilishinda. Lakini kosa lina ile shabaha ya wapiga kombeo wa Benyamini. Mwaka 1937 Karl Roehl alitoa Biblia aliyojitahidi kuipunguzia maneno ya asili ya Kiarabu, na wengi waliona kazi yake inakipinga Kiswahili chenyewe, lugha ambayo haiwezi kuvuliwa Kiarabu bila kuchubuka ngozi. Suluhisho lililo bora liko mikononi mwa watunzi, ambao hawalazimiki kuchagua. Dhambi ina uzito, na kosa lina mwelekeo. Utenzi mmoja unaweza kuyatumia yote mawili na kila neno likafanya kazi yake.

Tena kuna “dhambi ya asili”. Agostino alilitoa neno lake katika origo, yaani chanzo, na alishikilia hadi mwisho kwamba maumbile kama maumbile ni mema, na uovu ni kasoro iliyoyaingia. Kwa Kiswahili asili ni chanzo: “asili yake ni Pemba.” Lakini asili ni maumbile pia, tunasema uoto wa asili na mazingira ya asili. Msikilizaji asiyefundishwa anaweza kusikia kwamba dhambi ni maumbile ya mtu, jambo lile lile ambalo Julianus alimsingizia Agostino, na ambalo Agostino alilikana kwa maelfu ya maneno. Neno moja lenye maana mbili limempa ushindi mtu aliyeshindwa mwaka 418.

Na in quo je? Hapa lugha yetu ilikuwa na bahati. Watafsiri wa 1952 walipofika katika sura ya 5 ya Warumi waliandika “kwa sababu”, wakiufuata usomaji wa Kiyunani. Mkristo wa Kiswahili anayeisoma aya hiyo hakuti nguzo ya Agostino. Anaweza kuamini dhambi ya asili kwa mafundisho ya kanisa lake, lakini hawezi kuipata katika kiunganishi kile. Mama aliyefiwa na mtoto kabla ya ubatizo akiifungua aya hiyo kwa Kiswahili, haimwambii kwamba mwanawe alitenda dhambi ndani ya mtu mwingine.

Kwa sisi tunaotunga na kuhariri, historia hii ina onyo la kazi. Tumezoea kuupiga mwili mijeledi katika mashairi ya toba: mwili mchafu, mwili adui, mwili wa kuoza. Vina hukubali kwa urahisi, na mizani haisumbui. Lakini tukifanya hivyo bila kufikiri, tunamrudia Mani aliyeachwa Milano, tunamsahau Tertullianus na bawaba yake, na tunampa mfitini aliyekonda kwa kufunga nafasi ya kujiona yuko salama. Wapo wanaousikia ubeti huo wakiwa na miili iliyougua, iliyodhulumiwa au iliyozaa, nao huondoka wakiamini kwamba kosa ni la ngozi yao. Kabla ya kuandika mwili, mtunzi ajiulize kama alitaka kusema moyo, nafsi au tamaa.

Nao utetezi wetu wa kila siku ubaki, kwa kuwa ni mzuri kuliko wanavyojua wengi wanaoutumia. Anayesema “na mimi ni binadamu” hajasema kwamba mwili wake ndio uliotenda. Amesema ni yeye, na kwamba ana ndugu wengi. Pelagius angemkumbusha kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Agostino angemwuliza kwa upole mbona analirudia.